Samaki wa Ukutani

Benchi lenyewe si la kujivunia. Ni ubao mmoja juu ya kreti mbili za plastiki, mbele ya kibanda cha kinyozi, ng'ambo ya geti la kampuni ya samaki. Ukikaa hapo huna pa kuangalia ila ukuta wa kampuni, na ukutani kuna bango kubwa lililoanza kufubaa kwa jua. Kwenye bango yupo mwanamume wa makamo, mvi zimemwingia kidevuni, amempakata samaki mwekundu mkubwa kama mtu aliyekabidhiwa mjukuu, na chini yake maneno ya kishindo: TUNAVUA KWA KUWAJIBIKA, ILI BAHARI IBAKI NA KESHO YAKE. Mwanamume huyo huyo ndiye anayekaa kwenye benchi kila alasiri, anakunywa kahawa huku akijitazama. Kazi yake ni kushona nyavu. Jina alilopewa na wazazi limebaki nyumbani kwake. Hapa kijiweni anaitwa Bango, na alishaacha kulikasirikia.

Siku hiyo alikuwa amechoka, na wala haukuwa uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe ilikuwa haba. Alichoshwa na gunia lililokaa chini ya benchi, katikati ya miguu yake. Ndani mlikuwa na wavu wa mkwe wake. Binti yake, mwenye mimba ya kukaribia kujifungua, ndiye aliyelileta asubuhi, akiliburuta, akalitua mlangoni na kusema maneno machache tu: mume wake atalifuata jioni, na baba aweke bitana. Hakungoja jibu. Bango alijua kwamba angekuja mkwe mwenyewe angemkatalia papo hapo. Nao walilijua hilo, ndiyo maana akaja binti.

Bitana, kwa asiyejua mambo ya hapa, ni kama ile ya koti. Kampuni inataka wavu wenye macho makubwa, ili samaki wadogo wapite waende wakakue. Mkaguzi wao husimama ufukweni na kipande cha plastiki chenye umbo la kabari, anakisukuma kwenye jicho la wavu, kikipita vizuri mashua inaruhusiwa kuuza getini. Basi wavuvi wakabuni ujanja. Nje wanaacha wavu wa halali, lakini ndani ya mfuko, pale samaki wanapojikusanya, unashonewa wavu mwingine wenye macho ya kunasa hata kijisamaki cha urefu wa kidole. Unafungwa kwa fundo moja la kuvuta. Mashua ikikaribia nchi kavu unavuta kamba, bitana yote inachomoka, unaikunja na kuikalia kama mto. Mkaguzi anapima cha nje, anaridhika. Wakubwa wanaingia getini na wadogo wanauzwa mitaani, kwa watu kama sisi.

Fundo hilo alilibuni Bango mwenyewe, enzi hizo, na hajatokea fundi mwingine wa kulifunga likafunguka kwa mvuto mmoja. Lakini tangu apandishwe ukutani hakuwa ameshona bitana hata moja. Hakuna aliyemwapisha. Ni vile tu kwamba kila alipoletewa kazi hiyo alijikuta anaona haya, tena haya za kijinga, za kumwonea aibu mtu wa kwenye picha. Wateja wakahamia kwa fundi wa sokoni, ambaye fundo lake hukwama siku yoyote linapojisikia kukwama. Bango akabaki na kofia aliyopewa na kampuni, na sifa.

Barafu ndiye aliyekuja na habari. Huyu husukuma toroli la barafu kutoka kampuni hadi ufukweni na kurudi, kwa hiyo kila neno linalosemwa ndani ya geti linamfikia kabla halijapoa. Alilisimamisha toroli lake kivulini, akachukua kikombe kwa Shangazi muuza kahawa, akanywa nusu ndipo akasema.

— Kesho unatakiwa.

— Na nani?

— Na kampuni. Wanakuja wageni, wale wanunuzi wa nje. Wanataka kumwona mvuvi anayewajibika kwa macho yao. Meneja amesema usimame chini ya picha, uvae kofia ile ile, useme yale maneno.

— Mimi siendi baharini tangu mgongo unigomee, alisema Bango. Mimi ni mshona nyavu.

— Hilo hawalijui, na hawajaliuliza.

Kinyozi alitokeza kichwa mlangoni, mkasi mkononi. Huyu wanamwita Redio, kwa sababu mbili: ile redio yake haizimwi, na yeye mwenyewe hazimwi. Alimwacha mteja kanyolewa upande mmoja, akaja kukaa kwenye ncha ya benchi. Akataka aelezwe jambo moja tu, nalo ni hili: kampuni ile inapata nini kwa kuwahurumia samaki wadogo? Kwa sababu yeye katika maisha yake hajaona kampuni inayohurumia kitu bila kukipigia hesabu.

Barafu akamwambia hilo mbona ni jambo dogo. Kule wanakopeleka mzigo watu wana sahani kubwa. Samaki mdogo akiwekwa kwenye sahani kama ile anaonekana kama kitu kilichosahauliwa na mtu aliyekula kabla yako. Mteja anaona amedharauliwa. Ndiyo maana wanataka wakubwa, hakuna huruma hapo wala nini.

— Sahani, alisema Redio, huku akitikisa kichwa. Fikra zako wewe zinaishia mezani. Mimi nakwambia wale wanawanenepesha. Sisi tunawaacha wadogo, wadogo wanakua, halafu siku moja inakuja meli yao moja yenye taa chini ya tumbo, inakomba wote kwa mara moja. Sisi tutakuwa tumewalea bure, mayaya wa samaki.

— Meli yenye taa chini umeiona wapi?

— Kuna vitu havionekani mpaka vifike.

Shangazi alikuwa akisuuza vikombe, na kwa kawaida haingilii mpaka wanaume wachoke. Lakini hili alilijua. Akasema mwenye kampuni, yule mzee mwenyewe asiyeonekana, alikwamwa na mwiba wa kijisamaki kidogo akiwa mezani kwake, akabaki kati ya kufa na kupona. Akaweka nadhiri kwamba akinusurika hatagusa tena samaki asiyefika kiganja na nusu. Alinusurika, na nadhiri ndiyo ile pale ukutani.

— Nani amekwambia? aliuliza Redio.

— Anayemfulia nguo.

— Anafua nguo, koo ameliona wapi?

— Nguo zinasema mengi, wewe. Ungekuwa unafua ungejua.

Bango alicheka kidogo, kwa adabu tu. Walikuwa wenzake wa siku zote na aliwapenda, lakini siku hiyo maneno yao yalimpita kama upepo. Mguu wake ulikuwa umegusa gunia na hakuuondoa. Mchana, kabla ya kuja kijiweni, alikuwa ameziba matundu yote ya wavu, tena kwa uzi mzuri. Kipande cha wavu wa macho madogo kilikuwa juu kabisa ndani ya gunia, kimekunjwa vizuri kama binti yake anavyokunja nguo za mtoto ajaye. Kilichobaki ni kukishona tu na kufunga fundo. Sindano ilikuwa mfukoni mwa shati. Kazi ya kikombe kimoja cha kahawa.

Barafu aliona kahawa inaisha na mazungumzo yanaelekea kulala, akatoa la akiba. Akasema kuna jambo aliligundua akalinyamazia, maana alidhani macho yake yana kasoro. Kila kreti inayotoka kampuni inabandikwa karatasi yenye vijisanduku vyeusi. Mteja kule anaielekezea simu, na simu inamtolea picha ya mvuvi aliyevua samaki hao, ili moyo wake utulie kwamba amenunua kitu cha halali. Barafu akajaribu mwenyewe, kwa simu ya kijana wa stoo.

— Kreti ya mashua ya bluu, akatokea Bango. Kreti ya wale ndugu wawili wasiosemeshana, akatokea Bango. Kreti ya pweza, Bango.

— Pweza sijawahi hata kumgusa, alisema Bango.

— Waambie wao hayo. Kule wanakujua kuliko mkeo anavyokujua. Kinachowashangaza ni mtu huyu analala saa ngapi.

Redio aliipokea hiyo kwa furaha kubwa, akaivuta mbele. Akasema basi huko nje kuna watu wanaomwombea Bango kila wakikaa kula. Wanadhani ana mashua mia. Wanadhani bahari nzima hii ni yake, anaingia asubuhi, anachagua samaki mmoja mmoja, mdogo anamwambia rudi kwenu ukakue. Kisha akashusha sauti.

— Na siku ukifa, ndugu yangu, hawatatangaza. Utaendelea kuvua.

Walicheka wote isipokuwa yeye. Hilo lilimwingia. Alilitazama bango, akaona kwa mara ya kwanza kwamba jua limemla zaidi yeye kuliko samaki. Uso wake ulikuwa umeanza kuwa mweupe mweupe, samaki bado mwekundu.

Kunyoosha miguu kwa kicheko ndiko kulikomfanya Redio alipige teke gunia. Akainama, akalibonyeza kwa kidole, akajua mara moja. Kijiwe kizima kinajua gunia la namna hiyo. Hakusema kitu kwanza, na kwa Redio hiyo ni dalili mbaya.

— La mkwe?

— La mkwe.

— Na bitana?

Bango alilisogeza gunia nyuma ya kisigino chake. Hapo mzaha ukapoa. Redio, kwa sauti ya kawaida kabisa, alisema yeye haoni shida iko wapi. Mkaguzi ni binadamu. Mkaguzi anapita chini ya bango lile kila siku akienda kazini. Ataanzaje kupekua mashua ya mkwe wa mtu aliye ukutani?

— Sura yako ndiyo kibali chake, alisema. Uso umewapa bure, acha basi uso umlishe mwanao.

Barafu alikitua kikombe chake chini. Akasema Redio anaongea hivyo kwa sababu nywele huota hata bahari ikikauka. Yeye amemsikia meneja kwa masikio yake akiwaambia watu wa ofisini: kesho mbele ya wageni ikionekana bitana moja tu, wageni wanapanda gari lao, na geti linafungwa kwa ufukwe mzima. Hawataangalia ni mashua ya nani.

— Likifungwa, mimi barafu nimpelekee nani? Mafundi viatu?

Kisha akaongeza, na hii ilikuwa kwa ajili ya Bango peke yake, kwamba haya hayasemi kwa kumchukia mkwe. Mkwe ni kijana mwema. Juzi alirudi, Barafu akaenda kuchukua maboksi yake. Ndani yake barafu ilikuwa nyeupe pe, haina hata tone la damu. Alikwenda nayo na kurudi nayo, imetembezwa tu. Na hakulalamika, alimsaidia kuipakia kwenye toroli akamwambia ahsante.

Bango aliumia kusikia hivyo. Alijua kwamba mambo ni magumu, ila hakuwa ameyaona kwa namna hiyo, boksi jeupe. Mkwe wake hakuwahi kumwambia. Aliingia kwenye uvuvi kabla hajaota ndevu, hajui kazi nyingine, na akija kumsalimu baba mkwe humwambia kila siku kwamba kazi inakwenda.

Shangazi alifuta mikono kwenye kanga. Alisema wanaume wanazungumzia geti na wageni, hakuna anayemzungumzia yule msichana aliyeburuta gunia lile asubuhi na tumbo lake, amepita mbele yake hapa, akamsalimia kwa heshima zote, miguu imemvimba. Yeye Shangazi hajui kuwajibika kukoje kwa Kiswahili cha kampuni. Anachojua ni kwamba mtoto aliye tumboni hali maneno ya ukutani.

— Akizaliwa akakuta bahari tupu je? aliuliza Barafu.

— Atakula kuku, alisema Redio.

— Kuku wanalishwa nini, wewe? Si unga wa samaki hao hao wadogo?

 Mteja aliyeachwa kanyolewa upande mmoja alitoka nje na kitambaa shingoni kuuliza kama atamaliziwa leo, akarudishwa ndani kwa mkono. Redio alimfuata bila haraka. Hata yeye alionekana amechoka sasa.

Bango alikuwa amekwishatoa sindano mfukoni. Hakumbuki aliitoa saa ngapi. Aliishika kama anavyoishika siku zote, kati ya kidole gumba na cha shahada, na mkono mwingine ukawa tayari mdomoni mwa gunia. Shangazi alimwona akageuza uso, ampe nafasi. Alichokuwa akikiwaza wakati ule ni miguu iliyovimba. Alijiambia kwamba mara moja haiui, na kwamba mtu wa kwenye picha atavumilia, amevumilia jua na mvua.

Ndipo alipokuja dereva.

Alikuwa dereva wa lori la baridi, mgeni kwenye njia hii. Lori lake lilikuwa kwenye foleni ya kupakia, naye akawa amevuka barabara kutafuta cha moto. Aliwasalimia wote, akauliza kama kahawa ipo. Shangazi aliinamisha birika mpaka karibu limpindukie, ikatoka nusu kikombe pamoja na machicha, akamwambia ndiyo ya mwisho na hamtozi. Dereva alishukuru. Alikaa pale alipokuwa amekaa Redio, akapuliza kahawa yake, akatazama ukuta, akamtazama Bango, akautazama ukuta tena.

— Samahani, mzee wangu. Yule wa pale juu si wewe?

— Ndiye mwenyewe, Barafu alijibu kwa niaba yake, na kwa fahari kidogo, maana mbele ya mgeni watu huvaa vizuri hata maneno yao.

— Basi nimefika penyewe. Mama mkwe wangu anapenda samaki mwekundu kupita kiasi. Nimeuliza getini, wakaniambia wao hawauzi mmoja mmoja. Sasa wewe ndiye wa kuuliza. Yule uliyemshika, wa ukubwa ule, hupatikana siku gani?

Hakuna aliyejibu.

Si kwamba swali lilikuwa gumu. Dereva alikuwa ameuliza kama mtu anavyouliza mkate unatoka saa ngapi. Redio alikuwa amesimama mlangoni na mkasi, akaanza kusema hupatikana, kisha akatazama mkasi wake kana kwamba jibu limeandikwa hapo. Barafu alikuna kichwa. Ungeweza kumwona akipita kichwani mwake boksi kwa boksi, toroli kwa toroli, mashua ya bluu, mashua ya ndugu wawili, anatafuta mahali alipomwona samaki wa namna ile akiingia kutoka ufukweni, na anakuta barafu tu.

Na Bango ndiye aliyekuwa na habari mbaya kuliko wote, maana yeye alikuwepo. Siku ya kupiga picha walikuja na kamera, taa na mwavuli, wakaomba waletewe samaki mzuri, mkubwa. Ufukwe mzima ulipekuliwa. Aliyepatikana mkubwa kuliko wote alikuwa wa kukaa kwenye sahani ya chai. Meneja akatuma mtu kwenye friza, akarudi na boksi lililofungwa kwa mkanda, lenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, lililotoka huko mbali kwenye maji ya watu wengine. Ndani yake ndimo alimokuwa yule mwekundu, mgumu kama ubao. Wakammwagia maji umande wa friza umtoke, wakampa Bango amshike. Vidole vilimuuma kwa baridi mpaka machozi yakamlenga, na mpiga picha akamwambia usitikisike, uso umekaa vizuri sana, una hekima. Watu wamekuwa wakiusifia uso ule tangu siku hiyo. Ni maumivu ya vidole tu.

— Sijui, mwanangu, alisema Bango.

Dereva alidhani anafichwa. Akatabasamu, akasema hana haja ya kupunguziwa bei, atalipa kama wengine.

— Si hivyo. Kweli sijui.

— Basi hata wa kati. Nusu yake yule.

 Shangazi alianza kukusanya vikombe, kimoja baada ya kingine, akiviweka ndani ya ndoo taratibu visigongane. Lori la mbele lilipiga honi, foleni ikasogea. Dereva akamaliza kahawa yake mpaka kwenye machicha, akainuka na kuaga. Hakuwa amekasirika. Alisema atapita tena njia hii, atawauliza siku hiyo, labda watakuwa wamekumbuka.

Alipoondoka hakuna aliyemsema. Hilo halijawahi kutokea pale, mgeni kuondoka bila kusemwa. Redio alikwenda kummalizia mteja wake upande wa pili. Barafu alilishika toroli akasema kuna mzigo anauwahi, na kila mtu alijua hakuna mzigo. Shangazi alijitwika ndoo, akamgusa Bango bega, akaenda zake.

Bango alibaki na gunia lake. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikavuka barabara na kufika miguuni pake. Kisha akairudisha sindano mfukoni.

Mkwe alikuja jua likiwa chini, amenyoosha shati, ana harufu ya sabuni kama mtu asiyetaka kwenda ukweni na harufu ya kazi. Alitoa shikamoo kwa mikono miwili. Bango aliitikia, akauliza hali ya mama kijacho, akaambiwa amelala, miguu imetulia kidogo.

— Gunia liko tayari, baba?

— Matundu nimeyaziba yote. Bitana sikuweka.

Mkwe aliinama, akaingiza mkono, akakuta ule wavu mdogo umekunjwa vile vile mkewe alivyoukunja. Alibaki ameinama, mkono ungali ndani. Alipoinuka usoni mwake hapakuwa na hasira, na Bango angependa iwepo.

— Ni kwa sababu ya wageni wa kesho?

— Kesho sijui hata kama nitakwenda.

— Basi nitampelekea fundi wa sokoni. Samahani, baba.

— Fundo lake litakwama. Unajua kwamba litakwama.

— Litakwama, ndiyo. Sasa nifanyeje?

 Bango alimwacha afunge mdomo wa gunia, alitupe begani. Ndipo akamwambia, ilimradi tu kijana asiondoke hivyo hivyo, kwamba leo alipita dereva mmoja hapa, amekaa hapa benchini, akawauliza yule samaki wa ukutani hupatikana siku gani. Wakashindwa kumjibu, watu wazima wote.

— Wewe ndiye unayekwenda baharini kila siku. Ungekuwepo, ungemjibu nini?

Mkwe aligeuka kulitazama bango. Alikuwa amepita chini yake maelfu ya safari, na sasa alilitazama kama mtu aliyeonyeshwa dirisha kwenye nyumba yake mwenyewe. Alitazama kwa muda mrefu, gunia begani.

— Yule? alisema. Kwani yule ni samaki kweli?

— Ni samaki kweli.

— Mimi siku zote nilijua wamemchora.

Alilitua gunia, akakaa kwenye benchi karibu na baba mkwe wake. Bango alitazama alipokuwa amekaa Shangazi ili aagize kikombe kimoja kwa ajili yake, akakumbuka kwamba kahawa ilikwisha.